Nataka kuuza apatimenti kabla hata msingi haujachimbwa, hizi picha za 3D zinauza kweli au ni mapambo tu?

TofaliLaKwanza

Wakuu habari zenu. Nina kiwanja na ramani imeshachorwa, jengo la ghorofa 6, apatimenti 24, nyingi za chumba kimoja na viwili, chache za vitatu. Hela niliyonayo inanitoa kwenye msingi na kunifikisha ghorofa ya pili hivi, iliyobaki natakiwa niipate kwa wateja watakaonunua mapema jengo likiwa bado halijasimama, ndio maana nimeanza kuhangaika na hizi picha za 3D na video za kutembea ndani ya nyumba ambayo haipo.

Sasa nimeongea na watengenezaji wawili. Wa kwanza bei yake inauma, anataka ramani zote, anataka mpaka sampuli ya vigae na namba ya rangi ya ukuta, na anasema wiki 4. Wa pili bei ya chee kabisa, kaniambia nimtumie ramani kwa WhatsApp tu na ndani ya siku 3 ananipa picha 10, nikaangalia kazi zake nyingine zinang'aa balaa, bwawa la kuogelea, miti iliyokomaa, magari ya kifahari yamepanga mstari getini. Moyo unanivuta kwa huyu wa pili ila kuna kitu kinanikataza, sijui ni nini.

Naombeni mwanga. Mtu anayenunua kitu ambacho hakipo anaangalia nini hasa? Nilipie picha tu au na video, au ile ya kuvaa miwani? Na picha ikionyesha kitu halafu mimi nikashindwa kukijenga, naweza kubanwa? Msinichoke, mimi ni mtu wa mchanga na nondo, mambo ya kompyuta yananipita kushoto.

Mpiga_Renda

Mkuu karibu. Hii ndio kazi inayonilisha kwa hiyo naongea kama mtu mwenye maslahi, uchuje mwenyewe.

Huyo anayekuomba sampuli ya vigae usimkimbie. Picha ya 3D haishuki kutoka mbinguni, kuna mtu anakaa ananyanyua kila ukuta kutoka kwenye ramani yako kwa vipimo, anaweka dirisha pale lilipo, halafu anakivisha kila kitu ngozi yake, kigae, mbao, kioo, saruji, halafu anapanga jua na taa, ndio kompyuta inabaki inapiga hesabu mwanga unagonga wapi na unarudi vipi. Mtu anayekuambia nirushie ramani WhatsApp nikupe picha 10 kwa siku 3 hana muda wa kufanya hayo yote. Mara nyingi ana majengo yake tayari kwenye kompyuta, anabadilisha rangi, anaongeza ghorofa moja, anakupa. Inapendeza kweli, ila hilo jengo sio lako, na mteja atakayelipa amelipia hilo.

Programu isikuumize kichwa. Wengine wanatumia 3ds Max na V-Ray au Corona, wengine Lumion, Twinmotion, Enscape, wengine Blender ambayo ni ya bure kabisa na picha zinatoka kali tu, mkono ndio unaoamua. Tofauti ambayo wewe mlipaji ina kazi kwako ni kwamba za kina Lumion na Twinmotion unaona picha papo hapo ukiwa unazungusha, kubadilisha kitu ni dakika, wakati za kina V-Ray na Corona zinapika taratibu ila mwanga wa ndani ya chumba unakuwa na ukweli zaidi. Kwa picha ya nje mteja hatofautishi. Kwa ya ndani anahisi kitu hata kama hawezi kukitaja.

Video nikupigie hesabu. Sekunde 60 kwa fremu 25 kila sekunde, hizo ni picha 1500. Kila fremu ikila dakika 8 tayari ni masaa 200, yaani kompyuta moja inafanya kazi siku 8 na masaa 8 usiku na mchana haijapumzika, halafu unamaliza unagundua kuna mlango umesahau kuuwekea kitasa. Kwa hiyo video ndefu ya bei ya chee ujue ama imeshushwa ubora ama imetoka kwenye zile programu za papo hapo, sio dhambi, ila ujue unachonunua. Na kiukweli mteja haangalii video ya dakika 3, anaangalia mwanzo kidogo halafu anaivuta mpaka jikoni.

Ningekuwa wewe ningelipia picha 2 za nje, moja mchana kweupe na moja jioni taa zimewaka, halafu za ndani kwa kila aina ya apatimenti, sebule, jiko, chumba kikubwa, halafu ile ramani ya 3D inayotazamwa kutoka juu kama vile paa limefunuliwa. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau na ndio inayobeba mzigo, maana watu wengi hawawezi kusoma ramani ya mistari, anaitazama anatikisa kichwa kwa heshima tu halafu akitoka nje anamuuliza mwenzake "umeelewa?". Video ingoje mpaka wateja kama watano wa kwanza wameingia. Miwani ya VR achana nayo kwa jengo la ukubwa huo, panorama ya nyuzi 360 inayofunguka kwenye simu kwa linki inatosha, mtu anageuza simu anaona chumba chote, mke au mume akiwa mbali anatumiwa na yeye anageuza.

Na uagize kwa hatua. Kwanza akuonyeshe jengo jeupe, halina rangi wala kigae, hapo mnakubaliana kamera ikae wapi. Pili rangi na vifaa kwenye picha ndogo. Ile kubwa iwe ya mwisho. Nina wateja wanaokaa kimya hatua zote mbili halafu nikishamaliza kabisa ananipigia, "sogeza kamera kushoto kidogo tu". Hiyo kidogo tu ni kuwasha jiko upya. Mwandikiane mizunguko ya marekebisho ni mingapi, na kwamba ramani ikibadilika katikati hiyo ni kazi nyingine. Ulizia pia faili lenyewe la 3D ni la nani, wengi wetu tunatoa picha tu, faili linabaki kwetu, ukilitaka lisemwe kabla ya kianzio.

Kitasa

Mimi nimependa hayo magari ya kifahari getini 😂 mkuu ramani yako ina paking ngapi?

TofaliLaKwanza

12.

Kitasa

Kwa apatimenti 24. Basi kwenye picha usiegeshe gari la 13.

DalaliMstaafu

Nimeuza sana nyumba za kwenye karatasi, ngoja nijibu hilo la mteja anaangalia nini maana ndilo muhimu na Mpiga_Renda kalipitia pembeni.

Picha ya nje inamleta mtu ofisini, basi, hela haitoi. Akishakaa maswali huwa ni yale yale miaka nenda rudi. Sebule ina ukubwa gani. Dirisha linatazama wapi. Jua la mchana linapiga chumba gani. Nafua wapi naanika wapi. Gari naweka wapi. Hilo la kuanika nguo ndio linalowaumbua wengi, nimekaa na picha nzuri ajabu za balkoni zina viti viwili na chupa ya maua, mama mmoja akazitazama weee akauliza "na hapa nguo zinakauka upepo gani?", nikabaki nakohoa. Kwa hiyo kama ramani yako ina sehemu ya kuanikia, mwambie mtengenezaji aionyeshe, hata kamba iwepo.

Halafu kuna swali analouliza mwishoni akiwa anasimama kuondoka, kwa sauti ya chini: mkishindwa kumaliza, hela yangu iko wapi? Hilo hakuna picha duniani inayolijibu. Linajibiwa na hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi, na akaunti ya pembeni ambayo hela ya wateja inakaa na kutoka kwa hatua za ujenzi. Mimi nilikuwa naweka kibali na picha kwenye bahasha moja, kibali juu, picha chini. Watu walikuwa wananicheka.

Kuhusu kubanwa, ndio, unaweza kubanwa, kiasi gani inategemea sheria ya nchi uliyopo kwa hiyo hapo muone mwanasheria. Ila usidhani ni kitu cha mzaha. India wana sheria yao ya majengo ya mwaka 2016, kifungu cha 12 kinasema mtu akitoa kianzio kwa kutegemea tangazo au nyumba ya mfano yenye maelezo ya uongo akapata hasara, analipwa fidia, na akitaka kujitoa kwenye mradi anarudishiwa hela yake yote na riba juu. Na sheria hiyo hiyo inamtaka mjenzi aweke asilimia 70 ya hela anayokusanya kwa wanunuzi kwenye akaunti ya peke yake kwa ajili ya ujenzi na ardhi tu. Kwa hiyo picha kule ni sehemu ya ahadi, sio karatasi ya kufungia vitu. Wewe jichukulie kama uko kule hata kama haupo.

Kitu kidogo cha mwisho, wateja wanaona kila kitu kwenye simu. Agiza kila picha na toleo la wima. Na ukirusha kwa WhatsApp irushe kama faili, ukiirusha kama picha inabanwa, unalipia ubora halafu mteja anaona ukungu.

BintiWaGhorofaYaTano

Mimi ndio mteja mwenyewe mnayemjadili 🙋🏾‍♀️ nilinunua kwa picha, jina la kampuni silitaji, nimeshatulia.

Picha ya chumba cha kulala ilikuwa na kitanda kikubwa katikati, kabati ukuta mzima, meza ya kujipodolea na kiti chake, na bado sakafu imebaki ya mtu kupita anacheza. Nikakabidhiwa funguo, nikapeleka kitanda changu cha kawaida tu cha watu wawili, sm 150 kwa 200. Kimeingia ndio, ila mlango wa kabati unaufungua robo unagonga godoro. Mpaka leo nguo natoa kwa kuingiza mkono kama naiba.

Nikasema hapana, hii haiwezekani, chumba ni kile kile, upana ni ule ule ulioandikwa kwenye mkataba, mbona kwenye picha vitu vilienea? Nikarudi kwenye picha nikaikuza. Sakafu yao ina vigae, na kwenye maelezo yao wenyewe wameandika vigae vya sm 60 kwa 60. Nikaanza kuhesabu, pale miguu ya kitanda inapogusa sakafu sio juu kwenye godoro maana huko juu kamera inachanganya. Upana vigae 2. Urefu vigae 3. Yaani sm 120 kwa 180! Kitanda cha mtoto kimevalishwa mito minne na shuka la hoteli. Kabati nalo nikalipima hivyo hivyo, kina chake hakifiki kigae kimoja, hanga haiingii hata ukiikunja. Hawakudanganya chumba, walidanganya samani.

Na dirishani kwenye picha kulikuwa na anga na vilima. Dirishani kwangu kuna ukuta wa jirani, mita nne, na ukuta ule ulikuwepo kabla hata hawajanunua kiwanja, hawakuuona wakati wanatengeneza picha wanasema. Nilipolalamika nikaambiwa soma maandishi ya chini. Kweli yapo, madogo kama miguu ya sisimizi, "picha ni za kisanii, jengo halisi linaweza kutofautiana".

Tulijikusanya wanunuzi 11, tukachapisha picha zao wenyewe tukazichora vigae kwa kalamu nyekundu, tukaenda nazo. Walitupunguzia malipo ya mwisho kidogo. Ukuta wa jirani haukusogea.

Kwa hiyo TofaliLaKwanza, ukiniletea mimi picha leo kitu cha kwanza nahesabu vigae.

Mpiga_Renda

Dada pole sana, na nakiri huo mchezo upo, kupunguza samani kwa asilimia 15 au 20 ni kubofya mara moja tu na bosi anayelipa ndiye anayeomba, mimi nimeombwa zaidi ya mara moja. Mwenzake ni lenzi. Kamera ya ndani ikiwa na lenzi ya mm 24 hivi chumba kinaingia kwenye picha bila kuvutika sana, ukiteremka mpaka mm 16 chumba kinavutika mpaka friji ya pembeni inakuwa pana kama kontena. Ukiona kitu cha kona kimelala upande na kunenepa ujue lenzi imetumika vibaya. Na urefu wa kamera, mita 1.5 au 1.6, hayo ndio macho ya mtu, picha zinazopigwa kutoka karibu na dari zinaficha kitu.

Kuhusu dirishani dawa ipo na ni rahisi, wengi hawaifanyi kwa uvivu. Unarusha droni kwenye kiwanja kitupu, unaisimamisha kwenye urefu wa kila ghorofa, unapiga pande zote nne. Hiyo ndio picha inayobandikwa nje ya dirisha, ya ghorofa ya pili inabandikwa kwa ya pili, ya sita kwa ya sita. Mteja wa ghorofa ya pili akiona ukuta wa jirani kwenye picha atalia bei, ndio, mpunguzie, ni nafuu kuliko hao 11 wenye kalamu nyekundu.

Jirani_Mpole

Jamani mbona mnateseka, siku hizi si kuna AI? Unaandika sentensi moja inakutolea jengo zuri bure. Mimi nimeshatoa ghorofa 12 za kwangu nikiwa nimelala kitandani.

Mpiga_Renda

Zitoe tena hizo 12, jengo lile lile, upande wa nyuma. Halafu uhesabu madirisha 😀

Sio kwamba haina kazi, mimi naitumia kuongeza watu na majani kwenye picha iliyokwisha. Ila ukiiachia jengo inakuongezea dirisha, inakula nguzo, inageuza ghorofa 6 kuwa 7, haina ramani kichwani, ina picha tu za majengo ya watu wengine. Kwa kutafuta wazo sawa. Kwa kumuuzia mtu nyumba namba 14 ghorofa ya nne, hapana.

Mzee_wa_Saiti

Nguzo umetaja umenigusa kidonda. Mimi ni mjenzi, nimejenga majengo ambayo yaliuzwa kwanza yakajengwa baadaye. Siku moja nipo ghorofa ya tatu tunafunga formu za nguzo, yale maboksi ya kumwagia zege, anakuja baba mmoja na familia yake, kavaa vizuri, kaja kuona nyumba yake inavyoendelea. Anasimama kwenye sebule yake, anaangalia zile nondo zilizosimama katikati, anatoa simu, ananionyesha picha. Sebule ile ile, kochi pale pale zilipo nondo. Ananiuliza "fundi, hizi mnazitoa lini?"

Utamwambia nini mtu kama huyo. Nguzo ya sm 30 kwa 30, itabeba ghorofa tatu juu yake, anataka niitoe. Nilimwita mhandisi akaja kuongea naye, mimi nikashuka chini nikajifanya naita kokoto.

Baadaye tukajua picha ilitengenezwa kabla michoro ya mhandisi haijatoka. Mtu wa picha hakukosea, alijenga alichopewa. Kwa hiyo mimi sina shida na picha, nina shida na tarehe. Na ukipata uwezo, ghorofa ya kwanza ikisimama malizia apatimenti moja kabisa, mpaka vitasa, mtu aingie afungue bomba. Hapo ndio wengi wanalipa.

Kalamu_na_Rula

Mzee kamaliza, mimi msanifu naongezea tu kwenye hilo la tarehe.

"Ramani imeshachorwa" na "ramani imekamilika" ni vitu viwili. Kabla picha ya kwanza haijaagizwa uwe na michoro ya mhandisi wa muundo, nguzo na mabimu yamekaa, uwe unajua mabomba yanashuka wapi maana yale yanakula kona ya bafu, na mashine za viyoyozi zinatundikwa wapi. Hizo mashine hakuna anayezionyesha kwenye picha ya nje, kuta zinakuwa safi kama yai, halafu jengo likiisha limejaa maboksi kama vidonda. Onyesha. Zikionekana mbaya kwenye picha ndio unapata nafasi ya kuzitafutia mahali nikiwa bado nina penseli mkononi, hiyo kwangu ndio faida kubwa ya 3D kuliko hata mauzo.

Jua. Dalali kasema wateja wanauliza jua, ni kweli, na hapa ndipo picha nyingi zinadanganya bila mtu kukusudia. Programu zote hizi unaweza kuiwekea mahali kiwanja kilipo, tarehe na saa, na mshale wa kaskazini, jua linakaa panapostahili. Wengi hawaweki, wanaliburuta jua mpaka picha ipendeze. Unapata jengo ambalo asubuhi linaangazwa kutokea upande ambao jua halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Na ukiwa kati ya tropiki mbili jua la mchana linahamia kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, kwa hiyo picha moja haitoshi kumjibu mtu, mwambie akupe chumba kimoja miezi miwili tofauti, Juni na Desemba, saa ile ile. Ni kazi ndogo modeli ikishakuwepo.

Hii biashara wala sio ya juzi. Kuna Mwingereza Humphry Repton, mtengeneza bustani, mwishoni mwa karne ya 18 alikuwa anawapelekea matajiri kitabu chenye jalada jekundu, ndani kawachorea eneo lao lilivyo, na juu ya mchoro kuna kipande cha karatasi, ukikifunua unaona litakavyokuwa akishalipwa. Kabla na baada. Alikufa 1818. Kilichobadilika ni kwamba karatasi ya Repton ilikuwa inaonekana ni rangi na brashi, mtu anajua kabisa huu ni mchoro, wakati ya sasa mteja anadhani kuna mtu alienda na kamera.

TofaliLaKwanza

Wakuu nimesoma yote mara mbili, na mke wangu kasoma, yeye kabaki na la kuanika nguo tu.

Nimefanya jaribio. Nimechukua zile picha zinazong'aa za yule wa pili nikahesabu vigae kama dada alivyosema. Sijui vigae vyake ni vya ukubwa gani lakini kama ni vya sm 60 kama vile vya dada, kochi la watu watatu limekaa juu ya vigae viwili na kidogo. Labda watu watatu wa miaka sita.

Halafu nikampigia nikamuuliza kwa upole, kaka, kaskazini ya jengo langu iko wapi? Akajibu haraka haraka "juu bosi, kaskazini si huwa iko juu". Nikafungua ramani. Mshale wa kaskazini unaelekea kona ya chini kulia.

Wa kwanza nampelekea vigae kesho. Ila kuna kitu, mhandisi wangu kaniambia nguzo za sebule kwenye zile za vyumba viwili bado anazipigia hesabu, anataka kuzisogeza kidogo, kasema wiki mbili. Kalamu_na_Rula nimsubiri au nianze na za chumba kimoja ambazo zimekamilika?

Kalamu_na_Rula

Anza ndani kwa za chumba kimoja. Picha ya nje usiiguse mpaka amalize, nguzo zikisogea na madirisha yanasogea nazo.

Mzee_wa_Saiti

Na mwambie huyo mhandisi aandike tarehe kwenye mchoro.